Nilisema Amechoka Tu

Jumanne, Februari. Theluji tangu alfajiri, na upepo ule wa kukata masikio. Jioni hii ni digrii ngapi sijui. Aliyekuwa akinisomea digrii kila asubuhi amefariki leo saa saba na nusu mchana, nami ndiye niliyekuwa nimemshika mkono.

Nimechoka, wallahi. Si uchovu wa miguu, huo nimeuzoea. Nimefika nyumbani nikakaa ndani ya gari robo saa nzima, mikono kwenye usukani, mpaka jirani akaja kugonga kioo kuuliza kama mimi ni mzima. Nikamwambia niko sawa. Ndivyo nilivyo mimi, kila kitu kiko sawa.

Na hilo ndilo lililoniponza leo.

Kama kuna mgeni ameingia humu kwa bahati, nimweleze kidogo. Mimi ni msaidizi katika makao ya wazee kule Champlin, huku ughaibuni, mwaka wa sita sasa. Si hospitali. Kila mzee ana chumba chake, mlango wake, kiti chake alichokuja nacho kutoka kwake. Sisi huwaogesha, huwavisha, huwapa dawa, huwapeleka mezani. Mzee akifika pale ambapo madaktari wamesema hakuna tena cha kutibu, hahamishwi. Hubaki chumbani mwake, na watu wa hospisi huja kumwangalia humo humo. Hao kazi yao si kumponya mtu, ni kuhakikisha haumii mpaka siku yake ifike. Nesi wao huja mara mbili tatu kwa wiki. Saa nyingine zote ni sisi.

Bi Lorraine alikuwa mkononi mwa hospisi tangu kabla ya Krismasi.

Mlangoni pake imeandikwa Lorraine tu. Mimi sikuweza. Mtu wa umri wa bibi yangu, nimwite jina kavu? Nikamwita Bi Lorraine tangu siku ya kwanza. Akaniuliza hiyo Bi ni kitu gani, nikamwambia ni heshima. Akasema, basi na hawa wengine waambiwe.

Alikuwa mpishi wa shule, miaka na miaka, na vidole vyake vilibaki na nguvu hata mwili ulipoisha. Nje ya dirisha lake kuna kipimajoto. Kila asubuhi nikiingia, kabla ya salamu, ananitangazia digrii kama mtu wa redio. Kisha ananiambia haya, toa simu, tusikie za kwenu. Nami nafungua simu namsomea joto la Mombasa, kwa hesabu yao ili aelewe, naye anatikisa kichwa ananiuliza kilichonitoa huko ni nini. Kila siku swali lilelile. Kila siku namjibu jibu jingine, naye anajua namdanganya, tunacheka.

Na hakuwa mtu wa kulalamika. Ukimuuliza hali, jibu ni moja tu: si mbaya sana. Amevunjika nyonga, si mbaya sana. Mumewe amezikwa, si mbaya sana. Nilikuwa nikifikiri, huyu angezaliwa kwetu angetufaa.

Wiki iliyopita aliacha kula. Hapo nilitaabika. Mtu wa Mombasa umwambie mgonjwa asilishwe! Nilimpikia uji mwepesi kwangu nikaenda nao kwenye chupa, nikamketisha, nikambembeleza, akameza vijiko viwili akapaliwa mpaka uso ukabadilika rangi. Nesi wa hospisi akaniita pembeni. Hakunigombeza. Aliniambia mwili wake umefunga jiko, ukilazimisha unamtesa, na akanipa vile vijiti vyenye sifongo nimlowanishie midomo. Nilikwenda chooni nikalia, kisha nikarudi nikamlowanisha midomo.

Ana binti mmoja, Janet, mwalimu kule Duluth. Kwa gari ni mwendo wa saa mbili na nusu. Huyu si wale watoto wanaotuachia wazee wao kama mizigo. Kila siku saa nne, wakati wa mapumziko shuleni kwao, lazima apige simu. Jumapili alishinda hapa kutwa nzima, ameshika mkono wa mamake. Nesi akamwambia huenda ikawa wiki, huenda zaidi, hakuna ajuaye, mambo yakibadilika ataambiwa. Janet alipokuwa anavaa koti alinishika mikono yote miwili akaniambia: "Zuhura, nataka niwepo. Saa yoyote, nipigieni. Nataka niwepo."

Nikamwambia atakuwepo. Nilimwahidi.

Leo nimeingia chumbani saa moja na kitu. Kipimajoto digrii nane za hesabu yao, baridi ya barafu, na yeye hakusema. Macho nusu wazi. Nikafunua shuka nikaona miguu mpaka magotini imeingia madoa ya zambarau, na nyayo baridi. Pumzi inakuja, inakuja, inakatika. Nilihesabu mpaka ishirini ndipo ikarudi. Nimeshayaona haya kwa wengi, sikuhitaji kuambiwa kwamba ni leo. Nikawapigia watu wa hospisi. Nesi akasema anakuja lakini barabara ni mbaya, afike saa tano na nusu hivi. Nesi wetu wa pale kazini alikuwa mgonjwa nyumbani kwake. Basi nikabaki mimi, na wazee wengine saba wa kuangalia.

Saa nne simu ikalia. Janet.

"Mama yuko vipi leo?"

Nayaandika niliyosema kama nilivyoyasema, ili siku moja nisije nikajipambia. Nilimwambia: "Leo amechoka. Amechoka sana. Kama unaweza kuja, ingekuwa vizuri uje."

Akauliza kama anaumia. Nikasema hapana, ametulia tu. Ni kweli alikuwa ametulia. Nikamsikia anashusha pumzi. Akasema afadhali, kwa sababu barabara za kwao bado hazijasafishwa, na kesho amepata mwalimu wa kumshikia darasa. Atakuwa hapa kesho asubuhi na mapema.

Nikamwambia, "Sawa, Janet. Uendeshe polepole."

Sawa! Ati sawa.

Na ajabu ni kwamba nilipokata simu roho yangu ilitulia tuli. Nilijua anakuja leo. Ile kesho niliiona ni maneno ya kujikaza tu, maana mtu gani aambiwe vile halafu angoje kesho?

Kwetu habari kama ile haitupwi kwenye simu. Mama yangu alipofariki nilikuwa Nairobi, nauza kwenye duka la vitambaa. Shangazi alinipigia akasema: "Zuhura, mamako hajisikii vizuri kidogo. Omba ruhusa urudi." Kidogo! Sikumuuliza swali hata moja. Tajiri wangu naye hakuniuliza, aliniangalia usoni akanifungulia mlango. Nilipanda basi, na njia nzima sikutoa chozi, kwa sababu nilikuwa sijaambiwa. Mpaka nilipoingia mtaani kwetu Majengo nikaona viti vya kukodi vimepangwa nje, ndipo nikaangua kilio, na mikono ya kunishika ilikuwa tayari pale mlangoni.

Ndiyo maana hatusemi. Mtu hapewi habari ile akiwa peke yake na safari iko mbele yake. Anapewa akiwa na wa kumshika. Mimi nilimwona Janet akilini mwangu kwenye theluji, usukani mkononi, machozi yamemjaa, nikasema huyu nikimwambia wazi nitamuua njiani. Nikampa habari nusu, nikaamini nusu nyingine ataijaza mwenyewe, kama nilivyoijaza mimi.

Naweza kujificha nyuma ya kanuni, maana ipo. Sisi wasaidizi haturuhusiwi kutoa hali ya mgonjwa kwa jamaa zake, hiyo ni kazi ya nesi. Leo jioni nimejaribu kujifariji nayo. Haikunifaa. Kanuni sikuikumbuka hata kidogo pale kwenye simu. Ni ulimi uliogoma.

Basi nikamtengenezea Janet chumba! Nikamsogezea kile kiti kikubwa karibu na kitanda, nikaweka boksi la tishu, nikamchana mamake nywele, nikampaka mafuta ya midomo. Nikamsomea Bi Lorraine sikioni digrii za hapa, kisha nikatoa simu nikamsomea za kwetu, themanini na nane. Nikamwambia Janet yuko njiani.

Mwenzangu wa shifti ni Furaha, dada wa Kikongo kutoka Uvira, mama wa kanisa, ana watoto watano na mgongo mbovu. Alichungulia mlangoni, akaona, akafanya msalaba.

"Ulimuambia yule binti?"

"Nimemwambia."

"Basi iko mu njia. Bakia na ye, wale bengine nitabalisha miye."

Akachukua wazee wangu wote saba juu ya wake, na mgongo wake ule. Na kila alipopita kwenye dirisha la kule mbele alisimama kuangalia kama gari jekundu la Janet limekata kona. Wanawake wawili wazima, mmoja wa Mombasa mmoja wa Kongo, tunamngoja mtu aliyeniambia kwa mdomo wake kwamba anakuja kesho. Hakuna kati yetu aliyetilia shaka.

Nesi wa hospisi alifika saa tano na nusu, amejaa theluji mpaka kope. Alimpima, akamtia matone ya dawa chini ya ulimi, akaniambia leo haitapita. Halafu akauliza, "Bintiye ameambiwa?"

"Ameambiwa."

"Anakuja?"

"Anakuja."

Akaandika. Kwa nini asiniamini? Nilijibu kwa uhakika wote. Angeuliza neno moja zaidi angempigia mwenyewe, lakini nilimfungia njia. Akatoka kwenda kwa mgonjwa mwingine jirani, akasema nimwite hali ikibadilika.

Saa saba kamili. Nilipiga hesabu, saa mbili na nusu za njia, theluji iongeze nusu saa, sasa hivi anaingia. Nikasimama dirishani. Gari la takataka likapita. Nikampigia Janet, simu ikaita mpaka ikakata. Nikasema ndiyo huyo, yuko kwenye usukani, hawezi kushika.

Alikuwa darasani.

Pumzi zikawa za mbali kwa mbali. Nikakaa kile kiti nilichomwekea Janet. Nikamshika Bi Lorraine mkono, nikamlowanisha midomo kwa kile kijiti, nikawa namwambia maneno yaliyonijia, mengine ya Kiswahili. Nilimwambia amepika vya kutosha, wameshiba wote. Nilimwambia angoje kidogo. Hilo namuomba Mungu anisamehe, kumwambia mtu aliyechoka vile angoje. Saa saba na nusu pumzi ikatoka, nikahesabu mpaka ishirini, nikahesabu mpaka sitini, nikaacha kuhesabu.

Na hata hapo, ya Rabbi, nilisikia mlango wa mbele nikageuka kuangalia.

Nilimwita nesi, akarudi haraka. Alipomaliza ya kwake alitoka kwenye korido kumpigia Janet, nami nimesimama pale na beseni la maji mkononi. Safari hii Janet alishika. Nesi alisema yale maneno wazi kabisa, amefariki, bila kuzungukazunguka, kisha akasikiliza. Akaniangalia.

"Anasema aliambiwa amechoka tu."

Akaniuliza nilitumia maneno gani hasa, nikamwambia. Alifumba macho kidogo. Akasema, "Ningempigia mimi, Zuhura." Heri angenifokea.

Shifti yangu iliisha saa tisa. Sikuweza kuondoka. Mimi na Furaha tulimwogesha Bi Lorraine, tukamvalisha ile blauzi yake ya maua ya samawati, nikakaa kumngoja Janet. Furaha alitaka abaki nami, nikamfukuza aende kwa watoto wake.

Janet aliingia karibu saa kumi na moja, viatu vimelowa, koti hakuvua. Alimwendea mamake akamshika nywele. Hakulia kwa sauti. Watu wa huku hawalii kwa sauti, na kimya chao kinanichoma kuliko kilio cha kwetu. Nilitaka kumshika nikaogopa sina haki.

Baada ya muda nikamwambia. Nilisema Janet, kosa ni langu. Asubuhi niliona kwamba ni leo, na sikukwambia kwa neno lake. Nikamweleza kwetu tunavyofanya, na kwamba nilimhofia barabarani, na kwamba nilifikiri ameelewa. Kiingereza changu kilinikimbia katikati, nikawa narudia tu samahani, samahani.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama amekuwa amechoka tangu nimfahamu, Zuhura."

Akauliza kama mamake alikuwa peke yake. Nikasema hapana, nilikuwa nimemshika mkono huu wa kulia. Akauliza kama alisema chochote. Nikasema hakusema, ila nilimsomea digrii. Hapo akacheka kidogo na machozi yakamtoka yote pamoja. Akanishukuru kwa kukaa na mamake. Mimi nashukuriwa! Nikaona labda yamekwisha, nikachukua mkoba wangu.

Nilipofika mlangoni akasema, si kwa hasira, bila hata kugeuka:

"Ningekuja."

Neno moja tu. Nimelisikia kwenye gari njia nzima kutoka Champlin mpaka hapa Brooklyn Park, na redio nilifungua kwa sauti.

Angekuja. Angeacha darasa, angeendesha kwenye theluji, angefika saa saba. Angepata nusu saa na mamake. Nusu saa hiyo nimeila mimi.

Nimeswali magharibi nikiwa akili haiko. Nimerudia rakaa mara mbili.

Binti yangu Ruqaya alikuwa amepasha pilau la juzi. Ana miaka kumi na tano, Kiswahili anakielewa chote lakini kujibu hujibu kwa Kiingereza, nami hapa nayaweka maneno yake kwa lugha yetu. Aliniona uso, akaniuliza. Kwa kawaida sileti wafu mezani. Leo nikamwambia yote, kwa sababu sina mtu mwingine nyumba hii.

Akauliza, "Kwa nini hukumwambia tu, Mama?"

Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa. Kuhusu bibi yake, kuhusu viti vya kukodi. Akatafuna, akafikiri. Huyu akifikiri hukunja pua kama babu yake.

"Kwa hiyo kwenu mtu akisema fulani amechoka, ukiweza uje, maana yake ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

Akaweka kijiko chini. "Lakini Mjomba Athumani si alisema hivyo Jumapili? Kuhusu Babu?"

Nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Kisha nikaja chumbani nikafunga mlango, nikaufungua ule ujumbe wa sauti wa ndugu yangu. Jumapili niliusikiliza nikikunja nguo, mashine ya kukausha inapiga kelele. Leo nimeusikiliza kwa kimya. Athumani anasema: "Dada, salaam alaykum. Huku salama. Baba hajambo, alhamdulillahi, ila amechokachoka tu siku hizi. Anakuulizia sana. Ukipata nafasi, ungekuja umuone."

Na jibu langu liko pale chini yake, nimeliandika kwa vidole vyangu hivi. Inshallah mwezi wa sita, shule zikifungwa. Msalimie mwambie nampenda. Na ile picha ya mikono ya kuomba dua nikaiweka, nikaona nimemaliza.

Naye akanijibu: Inshallah. Basi. Athumani huyu mwenye maneno mengi, anayenitumia ujumbe wa dakika tano kunisimulia mpira.

Lo! Mimi niliyeacha duka Nairobi kwa neno "kidogo". Mimi niliyemlaumu Janet moyoni leo mchana, nilipojua alikuwa darasani, nikisema huyu mtoto gani haelewi. Nimeambiwa wazi, kwa lugha yangu, na ndugu yangu wa tumbo moja, nami nikampangia baba yangu mwezi wa sita.

Miaka tisa huku imenibadilisha masikio. Au nilisikia nikajifanya sikusikia? Hili nimekaa nalo saa nzima. Tikiti, likizo, Ruqaya nimwache na nani, zamu zangu nani atazishika. Ni rahisi kutosikia ukiwa na mambo mengi ya kufanya.

Sasa ni saa mbili kasoro. Kwao bado hata hakujapambazuka. Nikipiga sasa nitawatia watu hofu, simu ikilia saa hizi nyumba nzima hushtuka. Nangoja waadhini. Athumani husali msikitini, akirudi ndipo nimpigie. Nimeandika haya yote ili mikono iwe na kazi.

Ruqaya amekuja akaketi kitandani pangu. Ameleta chai.

Saa mbili na nusu. Nimepiga.

Ameshika kabla haijalia mara ya pili. Mtu aliyetoka msikitini hashiki simu hivyo. Nyuma yake nikasikia sauti za watu wanasoma Yasini, na moja ilikuwa ya Shangazi, ambaye anaishi Kwale na hatembei ila kuna jambo.

Nikamwambia, "Athumani, usinipakie mafuta. Niambie kama unavyomwambia mtu asiye wetu."

Nikamsikia anatoka nje, kandambili zinaburura.

"Dada," akasema, "hospitali wametwambia tumrudishe nyumbani. Tangu Ijumaa. Wamesema tumlaze tu, tumpe maji, tusimsumbue. Nilikuwa sijui nikwambie vipi, nawe uko peke yako huko."

Peke yangu huku. Ndugu yangu naye alinihofia njiani.

Nikauliza kama yuko macho. Akasema mara yupo, mara hayupo. Miguu je? Akashangaa swali gani hilo. Nikamwambia, funua shuka, angalia miguu, niambie rangi yake. Akaenda akarudi. Baridi kidogo, akasema, lakini rangi ni yake. Na pumzi? Zinakuja sawasawa. Basi kuna siku. Sijui ngapi, lakini zipo. Kazi hii imenitoa jasho miaka sita, usiku wa leo imenipa jambo moja la kushika.

Nikamwambia asimlazimishe kula. Alowanishe kitambaa safi, ampitishie midomoni. Akasema, Shangazi anataka kumpa uji. Nikamwambia, najua. Mwambie Shangazi nimesema mimi.

"Sasa mwekee simu sikioni."

Nikasikia pumzi zake. Nikazihesabu, siwezi kujizuia. Zilikuwa zinafuatana vizuri.

Ningeweza kumwambia inshallah nikipata nafasi. Ningeweza kumwambia mwezi wa sita, apate nguvu ya kungoja. Nimeshamwambia mtu mmoja angoje leo, inatosha.

"Baba, ni Zuhura," nikasema. "Nakuja."

Athumani anasema Baba alifungua macho.

Ruqaya ameshavuta sanduku kutoka chini ya kitanda, analifuta vumbi kwa mkono wa sweta yake. Furaha nimempigia, amesema mtoto alale kwake, na zamu zangu tutajua mbele. Nimemwambia ukweli wote kwa neno lake, baba yangu anakufa. Nimelisema, na mdomo haukukatika.

Sijui kama nitamkuta. Kesho niko njiani.